Je, kompyuta mpakato ya milioni tatu ina thamani ya fedha zake?

Zabibu_Kavu
Habari za jioni, wakuu. Mchana nipo ofisini Mtumba, na jioni napanga vitabu na kadi za harusi nyumbani Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Mashine yangu, niliyoinunua kwa laki nne na nusu miaka mitatu iliyopita, imefika mahali ambapo nikifungua faili lenye picha nyingi naweza kwenda kuchota maji na kurudi kabla halijafunguka, na bawaba yake ya kushoto imepasuka kiasi kwamba kioo nakiegemeza kwenye ndoo ya unga. Nimevunja kibubu, nimepata milioni tatu. Rafiki mmoja ananishauri MacBook Air mpya, ile ya Apple. Mwingine anasema huo ni ufahari tu, kwani kwa fedha hizo napata mashine nyingine na chenji inabaki ya kuchangia kiwanja. Naomba ushauri wa waliozitumia, si wa waliosimuliwa.

Fundi_Makole
Mkuu, nitaanza na ninachokiona mezani kwangu. Kiangazi upepo wa Dodoma ukishavuma, mashine nyingi ninazoletewa kwa madai kwamba zinachemka na kujizima hazina ugonjwa mwingine zaidi ya vumbi: ukitoa kifuniko cha chini unakuta mdomoni mwa feni pamejisokota kitu kama kipande cha blanketi, nacho unaking'oa kwa kibano kikiwa kizima. MacBook Air kuanzia ile yenye chipu ya M1 ya Apple, iliyotoka Novemba 2020, hazina feni kabisa, na chipu zake hula umeme kidogo, hivyo umeme ukikatika saa nane mchana unaweza kuimaliza siku kwa chaji iliyomo. Hapo bei yake naielewa. Ila memori (RAM) imeunganishwa moja kwa moja na chipu, na hakuna fundi, awe wa Makole au wa Kariakoo, atakayekuongezea baadaye. Ukichukua GB 8 ili kuokoa laki kadhaa, umechukua GB 8 za maisha. Apple wenyewe walipandisha kiwango cha chini hadi GB 16 mwishoni mwa 2024. Na ikimwagikiwa chai, usije kwangu ukitabasamu.

Mhasibu_Kongwa
Mimi ninayo ya M1. Siijutii mashine, najutia kutouliza. Programu ya hesabu tunayoitumia inakubali Windows pekee, si mfumo wa Mac, kwa hiyo kwa miezi saba nilipanda basi na mashine mbili begani. Isitoshe, ina matundu mawili tu ya USB-C. Siku ya kikao sikuwa na kiunganishi cha projekta, wajumbe wakasubiri nusu saa huku kijana wa bodaboda akinitafutia madukani. Hakikisha kwanza programu zako.

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu yangu, mashine bora si lazima iwe mpya. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ilikuwa ya bei kubwa ilipotoka, na sasa inapatikana kwa mtumba. Yangu niliinunua kwa laki saba. Ina betri ya ndani na nyingine inayochomolewa nyuma bila kuizima mashine, na memori unaiongeza mwenyewe hadi GB 32. Angalia tu prosesa iwe ya kizazi cha nane, kwa sababu zipo zenye kizazi cha saba, ambacho Windows 11 haikitambui rasmi, ilhali Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Nakiri kioo cha hii yangu ni hafifu. Kwa mimi ninayeandika barua si kitu, lakini kwa mtu wa kadi, dhahabu utakayoiona hapo inaweza kutoka kwenye karatasi ikiwa bizari.

Zabibu_Kavu
Shikamoo mwalimu, hapo kwenye rangi umenigusa. Mwezi uliopita nilirudia kuchapa kadi mia mbili kwa gharama yangu, kwa kuwa zambarau ya bibi harusi ilitoka bluu. Programu zangu nimezikagua usiku huu, na zote zinakubali Windows na Mac. Kuna mtu anauza Air ya M1 yenye GB 16 kwa milioni moja na laki nane. Fundi, nikague nini?

Fundi_Makole
Kwenye taarifa za mfumo tazama betri imekamilisha mizunguko mingapi ya chaji. Apple huikadiria kwa 1,000. Kisha muuzaji ajitoe kwenye akaunti yake, aifute yote na kuiwasha upya mbele ya macho yako. Ikiomba nenosiri la mtu mwingine, mrudishie papo hapo, hata akupunguzie bei kiasi gani. Jumamosi nitakuwepo kuanzia saa mbili asubuhi. Mje wote wawili, na fedha ibaki kwenye simu.