Gari la zamani la volti 6: libaki 6, liwekewe betri ya 8, au lihamishiwe 12?

Waya_Mwekundu
Wakuu, gari ni la miaka ya 1950, dainamo (inayochaji betri) na kata-auti (swichi inayoitenga na betri isipochaji) ni vya asili. Taa kubwa zina mwanga wa manjano, na injini ikipata moto stata (mota ya kuwashia injini) inajivuta. Ipi kati ya njia hizi tatu inafaa?

Fundi_Koili
Pima kwanza, mkuu. Washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye terminali ya betri inayopeleka moto (umeme), nyingine kwenye soketi ya balbu. Kisha pima upande wa erthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari): kutoka terminali ya pili ya betri hadi kwenye mwili wa taa. Kila upande usizidi volti 0.2. Ukipoteza volti 0.6 njiani, hiyo ni asilimia 10, na mwanga wa balbu hushuka karibu theluthi nzima. Wengi huilaumu volti 6 kumbe tatizo ni kutu chini ya boliti ya erthi.

Kwa stata, angalia unene wa kebo. Nyingi zinazouzwa leo ni za magari ya volti 12, nyembamba mno kwa gari lako. Weka ya milimita mraba 50 au zaidi, na nyingine ya unene huohuo kutoka injini hadi chasi. Ongeza rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) mbili za volti 6 kwa taa kubwa ili moto usipitie kwenye swichi.

Mkaa_na_Shaba
Betri ya 8 achana nayo kabisa. Ili ijae inataka takriban volti 9.5. Ukipandisha regyuleta (kidhibiti cha volti ya kuchaji) ifike hapo, balbu za 6 zinaungua. Ukiiacha kwenye 7.2, betri haijai kamwe na sahani zinaota salfeti.

Altaneta_Kumi_na_Mbili
Fundi yuko sahihi kama gari litabaki na mzigo wake wa asili. Ukitaka redio ya kisasa, feni au taa za ziada, nenda 12. Waya za zamani zinatosha, kwa sababu wati zilezile zinavuta nusu ya ampea: balbu ya wati 45 inashuka kutoka ampea 7.5 hadi 3.75. Ila waya wenye ganda la kitambaa linalopasuka ubadilishe, volti yoyote ile.

Badilisha betri, balbu zote (na za dashibodi), flasha ya indiketa na honi. Koili (inayotengeneza cheche za plagi) iwe ya 12 yenye omu 3 hivi, au uache ya zamani na kuitanguliza rizista ya omu 1.5, bila hiyo koili inachemka na pointi (swichi ndogo ya kukata umeme wa koili) zinaungua. Altaneta (mashine ya kuchaji inayochukua nafasi ya dainamo) iende na taa yake ya chaji kwenye dashi. Aina nyingi huanza kuchaji kwa umeme unaopitia balbu hiyo; ikiungua, altaneta inaweza kukaa kimya hadi upandishe mizunguko.

Kagua erthi kabla ya kufunga. Magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yana chanya kwenye chasi. Altaneta ya kawaida inataka hasi, na ukiunganisha kinyume diodi zinakufa papo hapo. Ukigeuza, geuza pia waya mbili ndogo za koili na za ampea-mita.

Fundi_Koili
Naongeza: ukihamia 12, geji ya mafuta ya 6 usiiwekee rizista ya kupunguza volti. Mkondo wake hubadilika kadiri boya linavyopanda na kushuka, kwa hiyo volti nayo itayumba na geji itadanganya. Tumia kipunguza volti cha elektroniki. Mota ya waipa vilevile: ikifuta kioo kikavu inavuta zaidi, rizista inakula volti, waipa zinasimama katikati.

Waya_Mwekundu
Na stata ya 6 naweza kuiacha kwenye 12?

Mkaa_na_Shaba
Inafanya kazi, ndugu, lakini bendiksi (gia ndogo ya stata) inagonga meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa nguvu. Shika ufunguo sekunde chache tu. Injini ikigoma, usiendelee kuizungusha, tafuta kosa kwenye moto au mafuta. Solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) ya 6 ibadilishe, maana inapata joto haraka. Kwa Volkswagen Beetle, stata ya 12 haikai hivihivi: flaiwili ya 6 ina meno 109, ya 12 ina 130, na nyumba ya giaboksi lazima ichongwe ndani ndipo flaiwili hiyo kubwa izunguke.