Naomba ushauri: Gavana wa Tanganyika alikuwa na kikomo katika kutunga sheria?

Sangara_Mkavu: Wakuu, nasoma sheria mwaka wa kwanza hapa Mwanza na Jumatatu nawasilisha semina. Swali: Gavana aliyepewa mamlaka ya kutunga sheria kwa "amani, utulivu na utawala bora", alikuwa na kikomo? Nimeandika hakuwa nacho. Babu yangu kule Magu alipigwa faini kwa kuacha mabua ya pamba shambani bila kuyachoma. Mwenzangu anasema nitachekwa. Nitachekwa kweli?

MzeeIgoma: Utachekwa kidogo, mjukuu. Maneno hayo ni mapana mno, na majaji wa Kiingereza hawakupenda kupima kama sheria fulani ilileta huo utulivu. Ila Amri ya Mfalme wa Uingereza ya 1920, iliyompa Gavana mamlaka hayo, ndiyo hiyohiyo iliyomtaka aheshimu mila za wenyeji, isipokuwa zile zinazopingana na haki au maadili. Mfalme naye angeweza kuikataa sheria yake. Tena hadi 1926 hapakuwa na Baraza la Kutunga Sheria, kwa hiyo kufuli karibu zote zilikuwa London. Ongeza na ile Sheria ya 1865 ya uhalali wa sheria za makoloni, iliyobatilisha sheria ya koloni pale ilipogongana na sheria ya Bunge la Uingereza iliyohusu koloni hilo.

Sato_wa_Kirumba: Mzee wangu shikamoo, hapo kwenye 1865 naomba nikupinge. Sisi hatukuwa koloni, tulikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Amri ya 1920 ilitolewa chini ya Sheria ya 1890 ya mamlaka katika nchi za kigeni, na kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinabatilisha amri kama hiyo ikigongana na sheria ya Bunge la Uingereza inayohusu nchi hiyo, kwa kiasi kilichogongana tu. Halafu mkataba wa udhamini wa 1922 ulikataza kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kazi muhimu za umma, tena kwa malipo ya haki. Dogo, anzia hapo.

MzeeIgoma: Marahaba. Umenishika, nakubali.

Sangara_Mkavu: Na faini ya babu?

Sato_wa_Kirumba: Hiyo ni ngazi ya chini. Uliza kwanza: nani alitoa amri ya mabua? Kama ni mtemi, sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji ilimpa uwezo wa kutoa amri kwa mambo yaliyotajwa humo. Nje ya hayo, hana.

Sangara_Mkavu: Basi nafuta aya ya kwanza yote. Babu namhamishia ukurasa wa tatu.