Tupeane uzoefu: Kifo gani kwenye tamthilia za vampaya kilikutoa machozi?

Mzee wa Sizoni
Wakuu, habari za jioni. Jana usiku nilikuwa jikoni napasha kiporo cha wali, binti yangu wa kidato cha tatu yuko sebuleni na The Vampire Diaries yake. Nikasikia Elena anawaambia wenzake kwamba mdogo wake Jeremy, aliyeuawa, atarudi tu, pete yake ya kufufua itamrudisha, subirini. Mikono ikaishiwa nguvu. Nikazima jiko, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Sehemu ile mara ya mwisho niliiona 2013, chumba kimoja Sinza, mimi na mdogo wangu tumelala kifudifudi mbele ya laptopu yenye betri mbovu. Sizoni ya nne, episodi ya 15. Tulikuwa tunajaziwa kwenye flashi kwa kijana mmoja wa stendi, na tulikuwa na sharti: hakuna kutangulia. Mmoja akisafiri, mwenzake anasubiri. Mwaka uliofuata mdogo wangu akafariki. Sizoni ile nikaiacha palepale, hata mwisho wake sijawahi kutaka kusimuliwa.

Nimeona nisikae nalo peke yangu. Watu wanadhani tamthilia hizi ni meno na damu tu. Wewe ni kifo gani kilikuliza, na kilikukuta wapi?

Bint Makorora
Pole sana kaka. Mimi ni huyohuyo Jeremy. Pale Elena anapolowesha nyumba mafuta na mwili wa mdogo wake umo ndani, nilizima. Nilirudi baada ya wiki.

Mtoto wa Mikaelson
Jeremy mbona anarudi mwishoni mwa sizoni hiyohiyo, msilie sana. Kifo ni cha Hayley kwenye The Originals, tamthilia iliyozaliwa na Vampire Diaries, sizoni ya tano.

Bint Makorora
Wewe una akili kweli? Mwenzako kasema hajamaliza na hataki kusimuliwa, unamwagia hivyo!

Mtoto wa Mikaelson
Tamthilia imeisha 2017. Miaka yote hiyo mtu bado anasubiri?

Kijana wa Kwa Mtogole
Kasema kwa nini anasubiri. Rudi ukasome.

Mtoto wa Mikaelson
Nimerudi nimesoma. Mkuu Mzee wa Sizoni, nisamehe. Niliona jina Jeremy nikaruka kujibu. Pole kwa msiba.

Mzee wa Sizoni
Yameisha mdogo wangu. Endelea na Hayley.

Mtoto wa Mikaelson
Hayley anamkumbatia adui yake Greta na kujitupa naye juani, wanaungua wote wawili. Klaus, baba wa mtoto wake Hope, yuko hapohapo angeweza kumfikia, lakini Elijah, kaka yake Klaus, ndiye anayemshikilia. Elijah aliyempenda yule mwanamke kuliko mtu yeyote! Hope akabaki hana mama. Mimi Elijah sijamsamehe mpaka leo, hata alipokuja kukaa kwenye benchi na mdogo wake wakachomana kwa kile kijiti cha mwisho cha mwaloni mweupe, silaha ya kuwaua.

Shemeji wa Rebekah
Hapo unamwonea. Elijah alifutwa kumbukumbu, hakumjua Hayley wala Klaus. Mtu asiyejua utamhukumuje? Adhabu yake ilikuja pale kumbukumbu zilipomrudia zote kwa mpigo.

Mtoto wa Mikaelson
Ni yeye mwenyewe aliyeomba afutwe. Ukiwasha moto ukaenda kulala, nyumba ikiungua utasema ulikuwa usingizini?

Shemeji wa Rebekah
Aliomba ili akae mbali na familia yake isiangamie, kwa sababu ndugu wanne hawakuruhusiwa kukaribiana. Ulikuwa unaangalia au ulikuwa unasogeza mbele?

Kijana wa Kwa Mtogole
Nyie wawili hili mtalimaliza Idi kwa Idi. Mimi ni Godric wa True Blood. Vampaya wa miaka zaidi ya elfu mbili anapanda juu ya paa la hoteli Dallas kusubiri jua, amechoka. Eric aliyegeuzwa vampaya na yeye, jitu lile la kutisha, anapiga magoti analia damu anamsihi asife. Halafu anayebaki naye mpaka dakika ya mwisho ni Sookie, binadamu, na Godric anashangaa kuona kuna binadamu wa kumlilia. Nilikuwa kwenye basi la Mbeya, abiria wa pembeni akaniuliza kama nimepokea simu ya msiba.

Mama Nasri
Wanangu, mimi ni wa zamani kidogo, mnivumilie. Hao wote mnaowataja wamemkuta Buffy, binti muua vampaya wa tamthilia yenye jina lake. Buffy alianza 1997, sizoni saba, episodi 144, na mengi mnayoyaona leo, vampaya mwema anayependwa na binti wa shule, yeye na Angel walishayapitia.

Kuna episodi ya sizoni ya tano. Buffy anarudi nyumbani, anamkuta mama yake kwenye kochi, macho wazi. Hakuuawa na vampaya. Amekufa kwa ugonjwa, kama watu wanavyokufa. Na episodi nzima haina muziki hata kidogo. Unasikia hatua za watu, saa, watoto wa jirani wanacheza nje. Buffy anatapika kwenye zulia, halafu anachukua karatasi za jikoni anazitandaza pale juu na kusimama kuangalia zinavyolowa. Binti anayeua mashetani kila usiku, hajui afanye nini na mikono yake.

Mimi mama yangu nilimkuta hivyo, alfajiri, kwenye mkeka. Unajua nilichofanya? Nilikwenda kufagia uani. Watu wanaingia kuulizia, mimi nafagia. Miaka mingi niliona aibu kwa jambo lile, nikidhani sikumpenda ipasavyo. Siku nilipoona zile karatasi juu ya zulia ndiyo nikalia kilio changu cha kwanza, na mama alikuwa na miaka minne kaburini. Aliyeandika sehemu ile naamini alishawahi kufiwa.

Bint Makorora
Mama Nasri, umenimaliza.

Mtumishi wa Bwana
Ndugu zangu, mnafungulia mapepo milango ndani ya nyumba zenu kisha mnashangaa mikosi.

Mama Nasri
Mwanangu, na vampaya mwenyewe haingii mpaka akaribishwe. Hilo Buffy, True Blood na Vampire Diaries wote wamekubaliana. Marehemu bibi yangu alitufundisha hivyohivyo: hodi ya usiku usiiitikie mara ya kwanza, ngoja irudiwe. Kwangu sala hazijakatika.

Mtu wa Maabara
Nimekuwa nasoma kimya kimya. Kilichoniliza mimi hakikuwa kifo, ilikuwa chupa.

Miaka kadhaa nilikuwa kwenye timu ya kukusanya damu. Siku moja tukaenda sekondari moja, wilaya siitaji. Vijana wa kidato cha tano na sita, waliotimiza miaka 18 na kilo 50, wakapanga foleni wenyewe, wanataniana nani ataogopa sindano. Mpaka saa sita mchana tulishapata chupa 31. Nasema chupa kwa mazoea, ni mifuko, kila mmoja mililita 450, na ukiushika unakuta bado una joto la mwenyewe.

Kumbe mtoto mmoja wa kidato cha kwanza amekimbia nyumbani kusema mumiani wamefika shuleni. Saa saba tukasikia yowe. Kwanza wanawake, halafu wanaume wanatoka mashambani na mapanga. Jiwe la kwanza lilichukua kioo cha mbele cha gari. Mwalimu mkuu akatusukumia kwenye stoo ya vitabu, akafunga kwa nje na kusimama mlangoni mwenyewe. Tulikuwa wanne na masanduku mawili ya baridi. Dereva alianza kusali kwa sauti, nesi akamziba mdomo kwa kiganja. Nje namsikia mtu anasema, wamo humo, wachomwe.

Damu inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 6. Stoo ile ni bati tupu, haina dirisha. Kila baada ya muda nafungua sanduku naangalia barafu, nafunga. Mtendaji na polisi walifika saa kumi na mbili na nusu, na barafu ilishakuwa maji. Kesho yake nilisaini mwenyewe karatasi ya kuteketeza, nikaingiza mifuko yote 31 kwenye tanuri, mmoja mmoja. Kila mfuko ulikuwa na namba ya kijana aliyekuwa anacheka kwenye foleni.

Miezi kadhaa baadaye rafiki akanipa True Blood. Humo Wajapani wametengeneza damu ya kiwandani, inauzwa dukani kwenye friji karibu na bia. Episodi ya kwanza vampaya Bill anaingia baa anaulizia ile chupa, mhudumu Sookie anamjibu tulikuwa nayo ila hakuna aliyeagiza, ikaharibika. Anasema kawaida tu, kama anayezungumzia maziwa. Nikasimamisha hapo. Nililia mpaka mke wangu akaamka.

Kijana wa Kwa Mtogole
Daah. Poleni sana mkuu. Mwalimu mkuu yule alikuwa mwanaume.

Shemeji wa Rebekah
Na wale wanakijiji waliwajibishwa?

Mtu wa Maabara
Walikuwa wanaokoa watoto wao, ndivyo walivyoamini. Kosa lilikuwa letu pia: tuliongea na shule, hatukufanya mkutano wa kijiji. Tangu hapo nikawa naanzia kwa wazee, nakunja shati natoa yangu mbele yao.

Mswahili wa Kibokoni
Pole ndugu yangu, na salamu kutoka Mombasa. Hilo neno lina historia. Mumiani hapo zamani ilikuwa dawa, kitu cheusi mfano wa lami, ikiuzwa huku pwani kwa mifupa iliyovunjika. Watu wakaamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu, jina likahamia kwa anayesemekana kuitafuta. Wakati wa mkoloni, Nairobi na Kampala waliwaita wazimamoto. Gari jekundu likipita watu wanatawanyika. Marehemu nyanya yangu alikuwa akiona gari geni limesimama wakati wa magharibi anatuita ndani sote.

Ndiyo maana mimi huwa naona tofauti kubwa. Vampaya wa Wamarekani ni kijana mzuri, ana pete ya kumkinga na jua, anapenda. Mumiani wetu hana uso wala mapenzi. Ana gari, ana sindano, na ana ruhusa ya wakubwa. Kila mtu amemchora anayemwogopa.

Mtoto wa Mikaelson
Mzee, kwa hiyo tusiwaite vampaya mumiani? Maana kuna watafsiri wanawaita hivyo.

Mswahili wa Kibokoni
Mimi husema vampaya. Mumiani namwachia nyanya.

Stefan wa Tanga
Hadithi ya mkuu wa maabara imenigusa, lakini jamani turudi kwenye vifo. Stefan Salvatore wa Vampire Diaries, episodi ya 171, ya mwisho kabisa! Ametoka kufunga ndoa na Caroline, anakufa badala ya kaka yake Damon. Caroline anampigia simu anaacha ujumbe kwamba anaelewa. Damon hakustahili.

Bint Makorora
Damon alistahili kuliko mtu yeyote. Na wewe tena! Unamwaga mwisho!

Stefan wa Tanga
Mada inauliza vifo, nitaje nini, harusi?

Ukhti wa Masqat
Assalaam alaykum. Mimi nipo huku Oman. Claudia wa Interview with the Vampire, ile iliyoanza 2022. Kageuzwa akiwa na miaka 14, kwa hiyo miaka inakwenda akili inakua, mwili umebaki wa mtoto. Halafu wanamhukumu jukwaani Paris, jua linamshukia, na watazamaji wameketi kwenye viti wakidhani ni mchezo. Louis, vampaya aliyemlea, wameshamwondoa na kumfungia kwenye jeneza lililojazwa mawe. Baadaye mnamwona Louis ghorofani Dubai, amezungukwa na vioo vinavyozuia jua, anasimulia kwa utulivu kama mtu aliyepona. Mimi nimefanya kazi kwenye nyumba za aina ile. Najua ukimya wake. Pale ndipo nililia, kwenye kusimulia kwake.

Kijana wa Kwa Mtogole
Ushauri kwa Mzee wa Sizoni: anza upya kutoka sizoni ya kwanza, kidogo kidogo, ndiyo utaweza.

Shemeji wa Rebekah
Usianze upya, utaumia mara mbili. Endelea pale ulipoishia. Ukifika sizoni ya nne episodi ya 20 utakutana na mlango wa The Originals. Anza nayo sambamba.

Mtoto wa Mikaelson
Sambamba hapana, atachanganyikiwa. Amalize Vampire Diaries kwanza.

Bint Makorora
Elena akiondoka mwisho wa sizoni ya sita, aruke hadi episodi ya mwisho anaporudi.

Stefan wa Tanga
Kuruka ni dhambi.

Mama Nasri
Usiangalie peke yako mwanangu. Mengine yote utayajua mwenyewe.

Mzee wa Sizoni
Nimesoma kila mmoja. Mama Nasri, Mtu wa Maabara, asanteni.

Jana ilikuwa Ijumaa, nikamwambia binti asogee. Tulianzia episodi ya 15 ileile. Nyumba ilipowaka alinishika mkono, hakusema kitu. Usiku huohuo tukafika ya 20, leo tangu asubuhi tumeendelea mpaka ya 23. Mtoto wa Mikaelson, usiwe na wasiwasi, kuijua mapema kulinisaidia. Wafu walipoanza kurudi, Alaric, Lexi, halafu Jeremy amesimama pale na Elena amemrukia, nilikuwa nimejiandaa kuchukia, kwa sababu wao wanarudishiwa na sisi hapana. Sikuchukia. Nilimwangalia Bonnie tu, rafiki yao mchawi, aliyelipia kwa uhai wake.

Binti akaniuliza baba mdogo alikuwa upande wa nani, Stefan au Damon. Nikamwambia Stefan, na alikuwa hataki kabisa kubishiwa. Akasema, basi alikuwa anakosea. Tumebishana mpaka mama yake akatufukuza sebuleni.