Utando mweupe kwenye kioo cha mbele unarudi kila nikiosha: chanzo chake ni nini?

BintiMuheza

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaishi Muheza na kazi yangu iko Tanga mjini, kwa hiyo asubuhi naendesha kuelekea mashariki na jioni narudi magharibi, jua likiwa usoni mwangu safari zote mbili. Gari langu ni dogo, lilitumika Japani kabla ya kunifikia, na ninalo kwa miezi saba sasa. Tatizo langu ni kioo cha mbele. Wakati wa mchana kinaonekana safi kabisa, lakini jua likikipiga kwa mbele, au usiku gari linalokuja likiniwashia taa kubwa, kioo kizima kinakuwa cheupe kana kwamba kimepakwa tui la pili, na kwa sekunde chache sioni ukingo wa barabara wala mtu aliye pembeni. Wiki iliyopita nilimpita mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, nikamwona tu alipokuwa tayari usawa wa mlango wangu. Tangu siku hiyo naendesha kwa hofu.

Nimekwisha kujaribu sabuni ya unga, sabuni ya vyombo, siki iliyochanganywa na maji, na gazeti kama alivyokuwa akifanya marehemu baba. Kila nikimaliza, kioo kinapendeza kwa siku mbili, kisha utando unarudi, na mara nyingine naacha mistari ya mviringo iliyo mibaya kuliko utando wenyewe. Vijana wanaoliosha gari langu kila Jumamosi huipaka dashibodi polishi ya kung'arisha, kisha hufuta vioo, ingawa sijawahi kuangalia wanatumia kitambaa kipi. Nauliza: je, utando huu uko ndani au nje? Je, kioo kimezeeka na kinahitaji kubadilishwa? Pia kioo cha nyuma kilikuwa na tinti ya zamani ambayo niliibandua kwa mkono, ikaacha gundi inayokamata vumbi. Naomba msaada wenu.

FundiVioo_Ilala

Dada, pole kwa mshtuko ulioupata. Nimefanya kazi ya vioo vya magari kwa miaka kumi na minne, na kwa maelezo yako sioni sababu ya kukupeleka kununua kioo kipya. Kioo kilichozeeka huwa na vijidoa vya kuchimbwa na mchanga au mikwaruzo ya waipa, na mambo hayo hayaondoki hata kwa siku mbili baada ya kuosha. Cha kwako kinasafishika kisha kinachafuka upya, maana yake kuna kitu ndani ya gari kinachokichafua.

Chanzo chenyewe ni dashibodi. Plastiki laini na ngozi bandia hutengenezwa kwa kuchanganywa na vilainishi ili visikakamae, na gari linapofungwa juani, joto la ndani likapita nyuzi 50 na dashibodi yenyewe ikawa moto kuliko hapo, vilainishi hivyo hugeuka mvuke kidogo kidogo na kwenda kuganda kwenye kioo. Hapo hufanyika utando mwembamba wa mafuta, nao hunasa vumbi na unyevu. Ukiutazama kwa mwanga unaotoka nyuma yako huuoni. Mwanga ukitoka mbele, kila chembe inautawanya, ndiyo maana unateseka Muheza asubuhi na hupati shida saa sita mchana. Polishi ya dashibodi kama ya vijana wako nayo mara nyingi huwa na silikoni, na kama kitambaa kilichopaka dashibodi ndicho kinachofuta kioo, basi kila Jumamosi unalipia kupakwa mafuta mapya.

Hakikisha kwanza. Zungushia kidole kitambaa cheupe kikavu, chora msalaba kwenye kioo kwa ndani, kisha chora mwingine mahali tofauti kwa nje, na utazame gari likiwa limeelekea jua. Msalaba utakaoonekana wazi ndio utakaokuambia uchafu uko upande gani.

Kuhusu namna ya kusafisha, fanya kazi hii kivulini, kioo kikiwa kimepoa, kwa sababu kwenye kioo cha moto dawa yoyote hukauka kabla hujaifuta na kuacha mistari. Utahitaji vitambaa vinne vya maikrofaiba vilivyofuliwa kwa sabuni kidogo bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo nayo huacha utando. Cha kwanza kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo kwa lita nzima, ukikamue sana, ufute kioo chote. Cha pili kiwe na maji matupu ya kuondolea sabuni. Nadhani hapa ndipo ulipokwama, kwa kuwa nje sabuni husuuzwa kwa maji mengi, lakini ndani huwezi kumwaga maji, nayo sabuni ikibaki hugeuka utando. Kitambaa cha tatu kinyunyizie mchanganyiko wa nusu spiriti na nusu maji safi, ufute eneo dogo dogo, na papo hapo ukaushe kwa cha nne. Spiriti iwe ile safi ya isopropili inayouzwa maduka ya dawa. Zipo spiriti za kuchulia ngozi zenye mafuta ndani yake, hizo usizitumie. Nyunyizia kitambaani, usinyunyizie kioo, ili matone yasidondokee dashibodi. Fungua milango yote na asiwepo mtu wa kuwasha kiberiti karibu, kwani spiriti hushika moto upesi.

Sehemu ngumu ni ile chini kabisa, kioo kinapokutana na dashibodi, ambako mkono hauingii. Wengi huiacha, na hapo ndipo utando unapoanzia. Zungushia kitambaa kwenye rula ya plastiki, au kaa kiti cha abiria uingize mkono ukiwa umegeuza kiganja juu. Ndani futa kwa mistari ya kulala na nje kwa mistari ya kusimama, ili mstari ukibaki ujue mara moja uko upande gani. Mara ya kwanza rudia zoezi zima mara mbili au tatu. Miezi saba haiondoki kwa mpigo mmoja. Waambie vijana waache polishi, dashibodi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Mkazi_Dodoma

Namuunga mkono fundi, ila naomba siki isilaumiwe kwa kosa ambalo si lake. Siki ni tindikali, na kazi yake ni kuyeyusha chokaa inayoachwa na maji. Mafuta haiyawezi, kwa hiyo dada ameipa kazi isiyo yake. Huku Dodoma visima vingi vina maji magumu, na gari likioshwa kwa maji hayo kisha likaachwa likaukie juani, hubaki madoa meupe ya mviringo ambayo spiriti haiyagusi kabisa. Kwa hayo mimi huloweka kitambaa kwenye siki isiyochanganywa na maji, nakitandaza juu ya doa kwa dakika kumi, nafuta, kisha nasuuza kwa maji mengi ili siki isikae kwenye rangi wala kwenye mpira unaozunguka kioo. Doa likikaa miezi mingi bila kuondolewa huanza kukila kioo chenyewe, na hapo siki haitoshi tena. Inabidi fundi akisugue kwa unga wa seriamu oksidi, kazi ambayo ni ya polepole na ni bora mtu asiifikie.

Dada yuko karibu na bahari, kwa hiyo nje ya kioo chake kuna chumvi pia, pamoja na moshi wa dizeli wa malori. Chumvi huondoka kwa maji tu, mradi asuuze kabla ya kusugua. Lakini mipira ya waipa naomba aifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mpaka kitambaa kisitoke cheusi, kwani mpira mchafu huusambaza moshi huo kwenye kioo kilichokwisha kusafishwa. Ndani ya tangi la maji ya waipa aache kabisa sabuni ya unga, ambayo hukaa chini na kuziba vitundu. Mimi hukinga maji ya mvua na kuyachuja, maana hayana chokaa.

Mzee_wa_Makambako

Wanangu, mmeeleza vizuri, nami nina jambo moja la kuongeza kwa sababu lilinisumbua kwa msimu mzima wa baridi kabla sijalielewa. Huku kwetu na Njombe, ifikapo Juni tunawasha hita asubuhi. Kioo cha gari langu kilikuwa kikishika utando wenye mafuta, unaonata kidoleni, na nikikifuta asubuhi, jioni umerudi. Niliosha mpaka nikachoka. Siku moja nikaona zulia la upande wa abiria limelowa, na ndani ya gari kuna harufu tamu kama ya sharubati iliyochacha. Kumbe kirejeta kidogo cha hita, kile kilichojificha nyuma ya dashibodi, kilikuwa kinavuja, na kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupoza injini, ilikuwa ikigeuka mvuke na kupulizwa moja kwa moja kwenye kioo. Kulanti ni sumu, na kuivuta kila siku si jambo la kupuuzwa, achilia mbali injini kupata moto.

Mwanangu wa Muheza, wewe pengine hita hujaiwasha tangu ulinunue gari hilo, lakini maji ya injini hupita humo katika magari mengi hata hita ikiwa imezimwa. Fungua boneti asubuhi injini ikiwa ya baridi, angalia kiwango cha kulanti kwenye chupa yake, weka alama kwa kalamu, uangalie tena baada ya wiki. Kisipopungua, na zulia likiwa kavu, basi mfuate fundi wa Ilala bila wasiwasi.

Kuhusu gazeti, nilikuwa dereva wa basi kwa miaka ishirini na gazeti lilitutosha. Sijui kwa nini siku hizi linakataliwa.

FundiVioo_Ilala

Shikamoo mzee, na ahsante sana kwa hilo la hita, kwani mimi kwa kukaa Dar es Salaam nalikuta mara chache na nisingelikumbuka. Gazeti silikatai moja kwa moja. Karatasi yake ni nzuri kwa kukausha kioo kilichokwisha kuondolewa mafuta. Tatizo ni kwamba haiwezi kubeba mafuta, inayasogeza tu, na wino wake huchafua plastiki nyeupe za nguzo za ndani. Basi lenu lilikuwa likipita na madirisha wazi kutwa nzima, mvuke wa plastiki haukupata nafasi ya kutulia. Haya magari ya sasa yanafungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

BintiMuheza

Shikamoo mzee, na nyote nawashukuru kwa dhati. Msalaba wa ndani ulionekana wazi kabisa, wa nje kwa shida. Kulanti niliiwekea alama Jumapili iliyopita, na hadi leo haijashuka. Zulia ni kavu. Jana nilifanya kazi yote kivulini chini ya mwembe. Kitambaa cha kwanza kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na pale chini kwenye kona niliponyoosha rula kilitoka cheusi. Nilirudia mara tatu. Leo asubuhi niliondoka jua likiwa limechomoza mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari hili niliona mstari wa pembeni wa barabara mpaka mbali, pamoja na wanafunzi waliokuwa wakitembea kandokando. Vijana wa Jumamosi nimewapa vitambaa vyao viwili, cha dashibodi chekundu na cha vioo cha bluu.

Limebaki la kioo cha nyuma. Jirani ananiambia nikwangue gundi kwa wembe na mafuta ya taa.

FundiVioo_Ilala

Nimefurahi sana kusikia habari ya asubuhi, dada. Kwa kioo cha nyuma, tafadhali usiguse wembe. Ile mistari myembamba ya kahawia unayoiona ikilala kwenye kioo ni nyaya za kupasha joto za kuondoa ukungu, zimepakwa juu ya uso wa ndani, na wembe ukikata mmoja, mstari huo umekufa. Mafuta ya taa yatalegeza gundi, ndiyo, lakini yatakuachia utando mwingine wa mafuta na harufu ya wiki nzima ndani ya gari.

Chukua maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi yenye sabuni ya vyombo, loanisha gundi yote, ubandike juu yake karatasi ya nailoni nyeusi, kisha egesha gari nyuma ikielekea jua kwa muda wa saa moja. Gundi italainika. Ikwangue kwa kadi ya plastiki, kama ile ya simu iliyokwisha muda, ukifuata mistari ilivyolala na kamwe usiikate kwa juu na chini. Mabaki yatakayokaidi yapate spiriti kitambaani, uyashikilie kwa dakika moja kabla ya kufuta. Na kama utaweka tinti mpya baadaye, usitumie kwenye kioo hicho dawa yoyote yenye amonia, kwa sababu huiharibu tinti na kuifanya ibanduke mapema.