Tupeane uzoefu: Kuhamisha akiba ya mume au mke kabla hajahamia ughaibuni

Mwanzisha mada (Minneapolis)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wa kweli kuhusu jambo ambalo wengi wetu huliuliza kwa kunong'ona, yaani namna ya kuhamisha akiba ya mwenza aliyeko nyumbani kabla hajaja kuishi nasi. Ushauri mwingi unaozunguka katika vikundi vya familia hutoka kwa watu ambao hawajawahi kutuma zaidi ya ada ya shule, na baadhi yake unaweza kumtia mtu matatani katika nchi ambayo ndiyo kwanza anaanza maisha. Naanza mimi.

Mume wangu alikuwa Mwanza, nami nikiwa raia wa Marekani nilimwombea viza ya mwenza. Akiba yake ilikuwa katika amana ya muda maalumu benki, katika SACCOS ya kazini kwake, na katika vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa Tanzania. Kabla hatujafikiria kutuma chochote, tulikubaliana kwamba vipande viuzwe angali si mkazi wa Marekani, kwa sababu nchi hii humtoza mkazi wake kodi kwa kipato anachokipata popote duniani, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja iliyoko nje ina masharti mazito pamoja na fomu yake yenyewe, namba 8621, ambayo hata wahasibu wengi huikwepa. Tuliviuza mwaka uliotangulia mwaka wa safari. Sababu ni kwamba wanandoa wakichagua kujaza ritani ya kodi ya pamoja kwa mwaka mzima wa kuwasili, kipato chote cha mwenza cha tangu Januari huingizwa humo, hata kama alitua Novemba. Fedha zenyewe alizokwisha kuzipata na kuziweka akiba kabla ya kuwa mkazi hazitozwi kodi ya mapato kwa kule kuingia tu nchini, na hili nalisisitiza kwa kuwa limewatisha watu wengi bila sababu.

Kilichotusumbua zaidi ni dola. Mtakumbuka jinsi shilingi ilivyoshuka kutoka takriban 2,300 kwa dola mwanzoni mwa 2023 hadi karibu 2,700 mwaka 2024, na jinsi dola zenyewe zilivyoadimika benki. Benki ya mume wangu ilimwambia asubiri zamu, ikawa inamuuzia kidogo kidogo na kutuma kila kiasi kilipopatikana. Upande wangu, benki iliona fedha zinaingia kwa mafungu yanayofanana kutoka kwa mtu mmoja, ikanipigia simu kuuliza. Kilichotuokoa ni barua ya ukurasa 1 yenye muhuri wa tawi la Mwanza, iliyoeleza kwamba mteja aliomba kiasi chote kwa mara moja, ikataja tarehe ya ombi na sababu ya kugawanywa, ikaambatanishwa na taarifa ya akaunti inayoonyesha amana ilipoiva na vipande vilipouzwa. Nawasihi mwombe barua ya namna hiyo mapema, mwenza angali na uwezo wa kwenda mwenyewe dirishani, kwa sababu kuiomba kwa simu ukiwa ng'ambo ni kazi nyingine kabisa.

Mchangiaji (Tanga, sasa Leicester)

Ahsante, dada. Mimi ndiye niliyekuwa mwenza wa kigeni, na nataka kulisemea jambo ambalo watumaji hawaligusi: fedha zikihama, zinakuwa za nani?

Mume wangu alinishauri kwa nia njema nizitume zote katika akaunti yake ya Uingereza na kuandika kwamba ni zawadi. Mjomba wangu, ambaye ni wakili, alinikalisha chini akanisomea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 58 kinasema kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume au mke, lakini sheria hiyohiyo inasema pia kwamba mwenza akimpa mwenzake mali kama zawadi, itachukuliwa kuwa sasa ni ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Neno moja katika fomu ya benki lingeweza kuzigeuza fedha nilizozipata kwa kuuza kiwanja changu mwenyewe zikawa zake. Dini yangu nayo inaniambia kwamba mali ya mke ni ya mke. Kwa hiyo nilizibakiza kwa jina langu mpaka nilipofungua akaunti yangu huku, na mume wangu alipoelewa hakuona kwamba ni dharau.

Tena kwa Uingereza hapakuwa na haja ya kuzihamisha kabla ya viza. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, kipato kinachotakiwa kwa waombaji wapya wa viza ya mwenza ni pauni 29,000 kwa mwaka. Kipato cha ajira kikipungua, akiba huziba pengo kwa hesabu hii: pauni 16,000, ukiongeza pengo mara 2.5. Kwa mfano, mume akiwa na mshahara wa pauni 25,000, pengo ni 4,000, kwa hiyo akiba inayotakiwa ni pauni 26,000. Wanaotegemea akiba peke yake wanahitaji pauni 88,500. Fedha hizo zinaweza kuwa katika benki ya nje, mradi zimekaa miezi 6 mikononi mwa mwombaji au mwenza wake. Zikitokana na kuuza mali, muda ambao mali ilikuwa yako huhesabiwa katika miezi hiyo, na ndiyo maana mkataba wangu wa mauziano, wenye mihuri ya serikali ya mtaa kila ukurasa, ulibidi utafsiriwe kwa Kiingereza kwa mfasiri anayetambulika, pamoja na risiti ya kodi niliyolipa TRA. Akiba ikiwa katika shilingi, wekeni ziada ya kutosha, kwa sababu hubadilishwa kuwa pauni kwa bei ya siku ya maombi, na shilingi ikiteleza wiki hiyo utakuwa umepungukiwa bila kutumia hata senti.

Mchangiaji (Arusha)

Naomba kuuliza. Shemeji yangu anasema kwa Marekani ni salama zaidi kugawa fedha katika mafungu ya chini ya dola 10,000 ili zisionekane. Je, ni kweli?

Mwanzisha mada

Kaka, mwambie shemeji asifanye hivyo hata kidogo. Dola 10,000 ni kiwango cha kutoa taarifa; si kodi wala si kikomo. Anayesafiri na fedha taslimu zinazozidi hapo huzitangaza forodhani kwa fomu ya FinCEN 105, haziguswi, anaendelea na safari yake, na familia inayosafiri pamoja huhesabiwa kwa jumla. Asipotangaza, zinaweza kutaifishwa zote. Kugawa fedha taslimu kwa makusudi ili benki isitoe taarifa ni kosa la jinai peke yake, hata kama kila shilingi ni halali. Ndiyo maana ile barua ya Mwanza ilikuwa na thamani kubwa kwetu. Kama mwenza aliye nje anamtumia mkazi wa Marekani zawadi inayozidi dola 100,000 kwa mwaka, mpokeaji hujaza fomu 3520 kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo nayo ni ya taarifa tu, ila adhabu ya kutoijaza inaweza kufikia asilimia 25 ya zawadi.

Mchangiaji (Mombasa, sasa Hamburg)

Wenzangu wa Kenya wasidhani kwamba tatizo liko mpakani. Kenya iliondoa udhibiti wa fedha za kigeni katika miaka ya 1990, na benki yangu ilichotaka ni cheti cha ndoa na uthibitisho wa chanzo cha fedha. Kilichonichelewesha ni SACCO. Akiba ya mwanachama hurudishwa akijitoa, kwa kawaida baada ya notisi ya siku 60, lakini hisa za mtaji hazirudishwi. Sharti umpate mwanachama mwingine azichukue. Kubwa kuliko hilo, nilikuwa nimewadhamini wenzangu wa kazini katika mikopo yao, na huwezi kutoka mpaka dhamana hizo zipate mtu mwingine. Ilinibidi niwaendee mmoja mmoja kuwaomba watafute mdhamini badala yangu, na mmoja wao, mama mjane anayesomesha watoto, alidhani nimekosana naye. Nilikaa naye mpaka tukampata dada yake akubali. Anayetarajia kuhama aanze hapa kabla ya kwenda ubalozini.

Kuchelewa huko kulinifaa kwa upande mmoja, kwa sababu dola iliyokuwa imepanda hadi takriban shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 ilishuka hadi karibu 130 miezi michache baadaye. Ujerumani haikututoza chochote: zawadi kati ya wanandoa ina msamaha wa hadi yuro 500,000, na mpokeaji hutoa taarifa kwa benki kuu, Bundesbank, malipo kutoka nje yakizidi yuro 50,000. Kabla ya Januari 2025 kiwango hicho kilikuwa yuro 12,500, kwa hiyo angalieni tarehe ya ushauri mnaousoma.

Mchangiaji (Bukavu, sasa Montréal)

Kwetu watu wengi huweka akiba ya dola nyumbani, na baada ya vita kuingia mjini Februari 2025 benki zilifungwa, hivyo hapakuwa na la kuchagua. Mke wangu alizibeba. Kanada hutaka kutangaziwa fedha zinazofikia dola 10,000 za Kanada au zaidi. Alitangaza uwanja wa ndege, akaulizwa kwa heshima zilikotoka, akaonyesha leseni ya duka na daftari la mauzo lililoandikwa kwa mkono, akapewa nakala ya fomu. Bila nakala ile benki isingezipokea. Nilimwogopea sana barabarani, na simshauri mwenye njia nyingine afanye hivi.

Mchangiaji (Dodoma)

Mke wangu anataka kuacha akaunti moja wazi kwa ajili ya matunzo ya wazazi wake, nasi tunakwenda Marekani. Je, kuna ubaya?

Mwanzisha mada

Hakuna ubaya, kaka, nasi tumeiacha moja Mwanza kwa ajili ya mama mkwe. Jumla ya akaunti zote za nje ikipita dola 10,000 hata kwa siku 1 katika mwaka, mkeo akishakuwa mkazi atajaza FBAR, yaani taarifa ya akaunti za nje, kwa njia ya mtandao kufikia tarehe 15 Aprili, na asipowahi kuna nyongeza ya moja kwa moja hadi tarehe 15 Oktoba. Riba ya akaunti hiyo huandikwa kwenye ritani hata ikiwa ndogo. Akaunti ya pamoja na mzazi nayo huhesabiwa, kwa hiyo kabla hajasafiri amwombe mzazi afungue ya jina lake peke yake, na iliyobaki kwa jina la mkeo iwekwe maagizo ya kudumu ya kumlipa mzazi kila mwezi, kwa kuwa benki nyingi zitamtaka afike mwenyewe tawini kusaini maagizo hayo.