Tupeane uzoefu: tuliosoma uhandisi wa roboti chuoni, tulikutana na nini hasa?

Mjomba wa Makorora

Ndugu zangu, salaam. Nina mpwa aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM, naye ameshikilia kwamba atasoma teknolojia ya uhandisi wa roboti na si kitu kingine. Mama yake huuliza kila jioni kama hiyo ni kazi au mchezo, na kijana mwenyewe anadhani atakwenda kuunda mtu wa chuma. Mimi ni mhasibu, sina la kuwaambia wote wawili. Naomba waliopita huko waeleze waliyoyaona kwa macho yao, hasa yaliyowatoa jasho.

Binti Chumbageni

Shikamoo mjomba. Mtu wa chuma asimtarajie. Hata Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, iliyoanza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko Marekani, ilikuwa mkono tu wa kushika vyuma vya moto.

Mwaka wa pili kundi letu lilipewa kazi ya kuunda mkono mdogo wa servo tatu, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru, unaoendeshwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia. Programu tuliikagua mstari kwa mstari na haikuwa na kosa, lakini kila mkono ulipojaribu kuinua kipande cha mbao, bodi ilizima na kuwaka upya, taa yake ndogo ikitukonyeza kama inatucheka. Wiki nzima tuliilaumu programu. Kumbe servo zote tulizilisha umeme kupitia bodi, na bodi yenyewe ilikuwa ikiupata kwa waya wa USB wa kompyuta. Mota ikibebeshwa mzigo huvuta ampia nyingi kwa ghafla, volti zikaporomoka na bodi ikazirai. Tukazipa servo chanzo chao cha volti 5. Hapo mkono ukaanza kutetemeka kama mwenye homa, kwa sababu tulisahau kuunganisha waya hasi wa chanzo kipya na waya hasi wa bodi. Servo hutambua pa kusimama kwa urefu wa pigo la umeme, na pigo la milisekunde 1.5 huiambia ikae katikati; lakini pigo hilo hupimwa kutoka kwenye waya hasi, na usipokuwa wa pamoja servo haijui inaambiwa nini. Kipande cha waya kifupi kuliko kidole kilimaliza mkosi wote.

Mzaliwa wa Pongwe

Binti Chumbageni amesema kweli, nami naongeza la fildi. Nilipelekwa kiwandani nikiwa na hamu ya kuona mikono ya roboti, nikakuta mikanda ya kusafirishia mzigo, mota, na kabati la PLC, kompyuta ya kuongozea mitambo, lililojaa vumbi. Nilinuna siku mbili, nakiri.

Siku ya tatu kioo kilionyesha kwamba kipima kina cha tangi moja kinatoa sifuri. Nikasema tangi ni tupu, pampu iwashwe. Mzee mmoja fundi, ambaye hakuwa na shahada wala stashahada, akanishika mkono: “Mwanangu, tangi tupu husema 4. Sifuri ni waya uliokatika.” Vipimo vya viwandani vingi hutuma ishara ya miliampia 4 hadi 20, na mwanzo umewekwa kwenye 4 makusudi ili ukimya wa waya usichanganywe na kipimo cha chini. Tulipofungua kisanduku tukakuta kichwa cha waya kimeota kijani kwa chumvi ya bahari na kuachia kabisa. Tangi lilikuwa karibu kujaa. Somo hilo nilikuwa nimelifanyia mtihani na kulipasi.

Mtoto wa Fundi Baiskeli

Sisi tulikuwa na roboti ya magurudumu yenye kipenyo cha sentimita 6.5, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama sentimita 20.4, na mizunguko 49 inafikisha mita 10. Kwenye sakafu ya karakana ilifika bila wasiwasi. Likizo nikaileta Tanga, nikaijaribu kwenye mchanga wa Raskazone mbele ya wadogo zangu: magurudumu yakazunguka, programu ikaamini imefika, na roboti yenyewe ilikuwa haijavuka hata nusu ya njia. Baba, aliyetengeneza baiskeli maisha yake yote, akauliza, “Hiyo inahesabu gurudumu au inahesabu njia?” Wahadhiri wangu walihitaji muhula mzima kuliuliza swali hilo kwa matriksi. Mwishowe nilisimamisha ubao mwisho wa njia na kuongeza sensa ya mwangwi, ambayo kwa mita mbili za mwisho ilipima umbali halisi.

Dada wa Mikanjuni

Mimi nitasema la fedha tu. Spea ndogo ikiungua, nyingine huagizwa na kusubiriwa kwa wiki kadhaa huku tarehe ya kukabidhi kazi ikibaki palepale. Kundi letu lilikuwa likichanga kununua kila kitu viwiliviwili. Mama yake aijumlishe hiyo kwenye bajeti, maana karo peke yake haimalizi hesabu.

Mjomba wa Makorora

Nimewasomea wote wawili, mama na mwana, barazani. Mama amenyamaza kwenye la spea na kuomba nilirudie. Kijana ameingia ndani akatoka na feni mbovu ya sebuleni na bisibisi, sasa anauliza kama maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ya bei ndogo ya dukani inatosha kuanzia. Nimjibu nini?