Bendiso ya mezani: bledi inatoka kwenye magurudumu, mkato unavuta kushoto, na kijana ameponea chupuchupu. Naomba ushauri

Mleta uzi, Kiboriloni, Moshi

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mtakaosoma hapa.

Ninatengeneza vitu vidogo vya mbao: sinia, miiko, vibao vya kukatia mboga na wanyama wa kuchezea watoto, ambavyo sehemu kubwa ninaviuza kwa wenye maduka ya Arusha. Mbao zangu ni mabaki ya mringaringa na mgrevilea ninayoyapata kwa mafundi wa fanicha, pamoja na matawi ya miti ya kivuli ambayo watu huyapunguza vihambani, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba. Kwa miaka mitatu nimekata kila kitu kwa jigiso, yaani msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi, na mwezi uliopita nikapata msumeno wa mkanda wa mezani uliokwisha kutumika, yaani bendiso, wenye magurudumu ya inchi 9 na uwezo wa kupokea ubao wenye unene wa inchi 3 na nusu. Kibandiko cha mota kinaonyesha volti 230 na hezi 50. Kitabu cha maelekezo hakikuwepo, na aliyeniuzia hakujua zaidi ya kuuwasha.

Matatizo yangu ni matatu. Kwanza, bledi, yaani mkanda wenye meno, hutoka kwenye magurudumu kila baada ya mikato michache, hasa ninapoirudisha mbao nyuma. Pili, hata nikichora mstari na kuufuata kwa uangalifu, mkato unavutwa kushoto, na nikiubana ubao kwenye reli ya kuongozea ndipo hali inakuwa mbaya zaidi. La tatu ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Juzi mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 17, ambaye yuko kwangu kwa likizo, alijaribu kukata tawi la duara lenye unene wa kifundo cha mkono. Meno yalipogusa tu, tawi lilizunguka ghafla, likauvuta mkono wake kuelekea kwenye bledi, na vidole vikasimama umbali mdogo kuliko upana wa kidole kimoja kutoka kwenye meno. Bledi ilipinda ikatoka. Hakuumia, lakini tangu siku hiyo sijaigusa mashine, kwa sababu sielewi kosa lilikuwa la mashine, la bledi au la namna tulivyoshika kazi.

Seremala mstaafu, Majengo, Moshi

Marahaba binti yangu, na ninamshukuru Mungu kwamba kijana ana vidole vyake vyote. Nitaanza na hilo la tatu, kwa kuwa mashine iliyoharibika mpangilio hutengenezwa, ila kidole hakirudi.

Kosa lilikuwa la umbo la mbao. Bledi ya bendiso hushuka wima kuelekea mezani, na nguvu yake yote inaisukuma mbao chini. Ubao bapa unapokuwa umelala mezani, nguvu hiyo inakusaidia, kwa sababu meza inaupokea na kuutuliza. Tawi la duara linagusa meza kwenye mstari mwembamba tu, kwa hiyo meno yanapolishika upande wa mbele huliviringisha, nalo linauburuta mkono unaolishika. Hata mtu mzima mwenye nguvu hawezi kulizuia kwa kiganja. Watu huiamini bendiso kwa kuwa hairushi mbao nyuma kumwelekea mtumiaji kama msumeno wa duara unavyoweza kufanya, wakasahau kwamba inavuta. Kanuni ni hii: mahali bledi inapopita, mbao lazima iwe imekaa juu ya kitu kigumu. Sheria hiyo inahusu pia ubao uliopinda ambao katikati umeinuka kutoka mezani, na kipande chenye miguu ambacho sehemu inayokatwa inaning'inia hewani. Vyote hivyo vitagongwa chini kwa kishindo.

Kwa matawi, chukua kipande kizito cha mbao iliyonyooka, ukichimbe mfereji wenye umbo la herufi V, kila upande ukiwa na mlalo wa nyuzi 45, kisha ulilaze tawi humo na ulibane kwa klampu au skrubu mbali na njia ya bledi. Unachokisukuma sasa ni kile kibebeo chenye tako bapa. Anayetaka kulipasua tawi kwa urefu arande kwanza upande mmoja hadi uwe bapa, au alifunge kwa skrubu kwenye ubao ulionyooka.

Kuhusu umri wa kijana, nitasema bila kuzungusha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 katika mazingira ya kazi yenye hatari. Najua hukumwajiri, ni mwanao na anakusaidia, lakini meno ya msumeno hayaulizi nani analipwa mshahara. Mpe kazi ya msasa, ya kuchora na ya kupaka mafuta.

Mchonga vinyago, Njiro, Arusha

Dada, pole sana. Nina mashine ya ukubwa huohuo kwa miaka kadhaa sasa, na matatizo yako mawili ya kwanza yote nimeyapitia. Ninakuandikia kwa kirefu kwa sababu mpangilio wa bendiso una mfuatano wake, na aliyeuvuruga hata akirekebisha siku nzima hapati mkato ulionyooka.

Chomoa plagi ukutani; usitosheke na kuzima swichi. Fungua milango ya magurudumu, kisha rudisha nyuma beringi zote, yaani vigurudumu vidogo vinavyoizunguka na kuiongoza bledi, za juu ya meza na za chini yake, hadi bledi iwe huru kabisa. Wengi huiruka hatua hii, wakahangaika kuiweka bledi katikati ya gurudumu wakati beringi moja iliyofichika chini ya meza inaisukuma pembeni. Safisha pia mpira unaovaa gurudumu. Sisi tunaokata msindano na saipresi kutoka mashamba ya West Kilimanjaro tunajua jinsi utomvu unavyochanganyika na vumbi na kuganda juu ya mpira kama vidonda, na bledi ikipita hapo inarukaruka.

Vaa bledi huku meno yakitazama chini na yakikuelekea wewe unayesimama mbele. Ikaze kwa skrubu ya juu kiasi cha kuondoa ulegevu, kisha lizungushe gurudumu la juu kwa mkono, taratibu, huku ukiigeuza kidogokidogo skrubu ya nyuma inayoliinamisha gurudumu. Mpira umeinuka kidogo katikati, na bledi hupanda kuelekea kwenye kilele hicho. Unachotaka ni ikae hapo kwa mizunguko mingi bila kuhama. Ndipo ukaze hadi kiwango cha kazi, halafu uangalie mkao tena, maana ukibadilisha mkazo mkao nao hubadilika. Kwa kipimo cha mkazo, mimi huupandisha juu kabisa mkono unaobeba beringi, nikaisukuma bledi ubavuni kwa kidole, mashine ikiwa imechomolewa: ikihama zaidi ya takriban milimita 6, bado imelegea.

Sasa zirudishe beringi. Za pembeni zisogeze hadi kati yake na bledi ibaki nafasi ya unene wa karatasi. Mimi hutumia kipande cha karatasi chenyewe, nikakiondoa baada ya kukaza. Ukingo wake wa mbele uishie nyuma ya mabonde yaliyo kati ya meno, usiyaguse meno hata kidogo. Meno ya msumeno yamepindwa kwa zamu, moja kushoto na jingine kulia, ili mkato uwe mpana kuliko bledi. Beringi ya chuma ikiyagusa upande mmoja huyalaza kwa dakika moja, na kuanzia hapo bledi itaelekea upande ambao meno yake bado ni mazima. Ninashuku huko ndiko kushoto kwako kulikotoka. Beringi ya nyuma ikae kama nusu milimita kutoka mgongoni mwa bledi, isizunguke mashine inapokimbia bure, ianze kuzunguka pale tu unaposukuma mbao. Rudia yote hayo chini ya meza.

Meza uipime kwa skwea dhidi ya bledi. Kuna jaribio ambalo ninaliamini kuliko skwea: kata mfuo mfupi kwenye ncha ya kipande kinene, zima, subiri isimame, halafu zungusha kipande mbele nyuma bila kubadilisha uso uliolala mezani, uuingize ule mfuo mgongoni mwa bledi kwa kutokea nyuma. Ukiingia bila kugusa, meza yako imenyooka.

Kuhusu bledi yenyewe, kwa mashine ya inchi 9 nunua nyembamba, yenye unene wa takriban milimita 0.35, kwa sababu bledi nene ikikunjwa kwenye gurudumu dogo mara kwa mara hupata nyufa na kukatika kabla ya wakati. Upana wa robo inchi unaweza kugeuka kwenye kona yenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, na ule wa tatu ya nane ya inchi unahitaji kama milimita 36. Ukiilazimisha kona ndogo kuliko hapo, unaisokota na kuitoa kwenye gurudumu. Idadi ya meno ichaguliwe ili angalau matatu yawe ndani ya mbao wakati wote.

Na kurudisha mbao nyuma mashine ikikimbia ndiyo sababu ya bledi yako kutoka. Ukiingia njia ndefu isiyo na pa kutokea, zima, subiri magurudumu yasimame, ndipo uvute. Bora zaidi, kata kwanza mikato mifupi kutoka ukingoni hadi karibu na mstari wa kona, ili vipande vidondoke vyenyewe unapopita.

Fundi umeme, Sakina, Arusha

Yangu ni machache. Volti 230 na hezi 50 ndiyo mfumo wetu, kwa hiyo upo salama. Nimeletewa mashine za Marekani za volti 120 na hezi 60, na wenye nazo hudhani transfoma inamaliza tatizo. Transfoma haibadilishi hezi, hivyo mota yake huzunguka kwa takriban tano ya sita ya mwendo wake na hupata joto zaidi. Ukitumia waya wa kurefushia umeme, ufungue wote kutoka kwenye roli, usiuache umeviringwa.

Jambo la kuzingatia sana ni umeme kukatika katikati ya kazi. Swichi ya kawaida hubaki imewashwa, na umeme ukirudi wakati umeingiza mkono kutoa kipande kilichonasa, mashine inaondoka yenyewe. Ipo swichi ambayo hujizima umeme unapokatika na haiwaki hadi uibonyeze. Gharama yake ni ndogo na kuifunga ni kazi ya nusu saa. Kabla ya kuipata, jizoeze kuzima kila umeme unapokatika.

Seremala mstaafu, Majengo, Moshi

Mchangiaji wa Njiro amefundisha vizuri, nami nitaongeza mambo ya mikono. Ushushe mkono wa juu, pamoja na kinga ya bledi, hadi ubaki milimita 3 hadi 6 tu juu ya mbao; sehemu ya bledi inayoonekana bila sababu ni hatari bila sababu. Vidole visikae kwenye mstari wa bledi, hasa gumba, kwa kuwa mbao huisha ghafla mkono ukiwa bado unasukuma. Sentimita 7 za mwisho zisukume kwa kijiti. Glavu vaa unapokunjua bledi mpya, kwa sababu hujifyatua kama nyoka, lakini zivue kabisa kabla ya kuwasha, kwa kuwa meno yakiinasa glavu yanaibeba na mkono. Kanga, bangili na mikono mirefu ya nguo viache ndani. Bledi ikikatika utasikia mlio mkubwa: zima, rudi nyuma, na usifungue mlango hadi magurudumu yasimame.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliainisha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1995, na mvule hasa huwasha pua na kifua. Miwani na barakoa nzuri kila siku.

Ukipata nafasi, pita pia Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, hapahapa Moshi, wanakofundisha upasuaji wa magogo na utunzaji wa misumeno. Kumwona mtaalamu akinoa bledi ni elimu ambayo maandishi hayaitoi.

Mleta uzi, Kiboriloni, Moshi

Shikamoo mzee, na asanteni sana kaka zangu. Nimesubiri siku nne ili nije na majibu badala ya shukrani tupu.

Niliporudisha beringi zote nyuma, niligundua kwamba ya juu upande wa kulia ilikuwa imesogezwa mbele hadi juu ya meno, na nilipoikagua bledi kwenye mwanga wa mlangoni, meno yaliyopinda kulia yalikuwa yamelazwa yote. Kwa hiyo ilivuta kushoto kama ilivyoelezwa. Niliweka alama ya chaki kwenye bledi, nikaiviringisha sakafuni kupata urefu, ikawa inchi 62, nikanunua mpya yenye upana wa tatu ya nane na meno 6 kwa inchi. Mringaringa wa inchi 2 umepasuka ukifuata mstari, na nikiuegemeza kwenye reli hauhami. Bledi haijatoka tena, ingawa nakiri kwamba mara mbili mkono wangu ulianza kuvuta mbao nyuma kabla sijakumbuka kuzima.

Swali langu la mwisho ni kuhusu matawi yenye panda, ambayo nayapenda kwa miiko kwa sababu nyuzi za mbao zinafuata umbo la mpini. Hayakai kwenye mfereji wa V.

Seremala mstaafu, Majengo, Moshi

Hayatakaa, na usiyalazimishe. Panda lipasue kwa shoka na nyundo ya mti ukifuata nyuzi zake, randa uso mmoja hadi ulale mezani bila kutikisika hata ukiubonyeza kila pembe, ndipo uchore mwiko na uupeleke kwenye bendiso. Lile linalotikisika, limalizie kwa msumeno wa mkono.

Mleta uzi, Kiboriloni, Moshi

Nimeelewa mzee. Mapanda nimeyatenga chini ya turubai hadi nipate shoka lenye makali. Kijana amekubali msasa na mafuta, na plagi ya mashine sasa naifungia kabatini ninapotoka.